Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Kusaidiana Kazini, Askari wa Zimamoto na Wahudumu wa Ambulensi, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakuu wa vituo, wakufunzi wetu, ndugu wahitimu na familia zetu,

Karibu sana. Nchi yetu inakumbuka moto wa lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, na ghorofa lililoporomoka Kariakoo, Novemba 2024. Anayepiga 114, namba ya dharura ya zimamoto, huliona gari likifika. Usiku wa zamu ile baada ya kurudi kituoni hauoni, na huko ndiko tulikofundishwa kumsaidia mwenzetu aliyeumizwa na aliyoyaona.

Mheshimiwa, kiongozi wa zamu akiuliza "Mko sawa?" atajibiwa "Tuko fiti, afande" hata na anayetetemeka. Aulize linalojibika: umekula saa ngapi, nani anakurudisha nyumbani, utalala na nani? Zinatosha dakika 10 hadi 15, kabla ya kuosha mipira ya maji na kujaza tangi, watu wakiwa na chai mkononi. Awaambie pia yanayoweza kufuata: usingizi kukatika, harufu ya moshi kurudi ukiwa mezani, kufokea watoto bila sababu. Kwa wengi hupungua ndani ya wiki chache. Na machela yenye damu ya mtoto isioshwe na aliyeibeba; apewe mwingine.

Kosa linalorudiwa kwa nia njema ni kuwakalisha wote usiku uleule na kumlazimisha kila mmoja asimulie alichokiona. Dereva aliyebaki kwenye pampu hakuiona miili. Akitoka kikaoni anayo kichwani. Shirika la Afya Duniani halishauri kikao cha namna hiyo. Hufundisha tazama, sikiliza, unganisha mtu na msaada, na asiyetaka kusema haulizwi mara ya pili.

Msikilizaji wa zamu, yaani mwenzetu aliyepata mafunzo haya, humrudia mwenzake siku ya 3, wiki ya 2 na wiki ya 5. Dalili zikivuka mwezi, au mtu akianza kunywa pombe ili alale, anapelekwa kwa mtaalamu. Akitaja kujiua, ni siku hiyohiyo, na haachwi peke yake hata dakika moja. Hapo tu ndipo siri huvunjwa. Likivuja jambo dogo kwenye chumba cha chai, msikilizaji huyo hatafutwi tena, na kituo kizima hufunga mdomo.

Kwa hiyo tunaomba wasikilizaji wawili kila zamu, wasiwe wale wanaojaza fomu za kupandisha vyeo. Tunaomba chumba chenye mlango unaofungwa, kwani stoo ya mipira haifai mtu kulia. Tunaomba mshauri nasaha wa hospitali ya wilaya atutengee siku moja kila wiki. Na kiongozi wa zamu apewe mamlaka ya kumtoa mtu kwenye gari la kwanza kutoka kituoni kwa zamu moja bila kuandikwa mtoro. Hili halihitaji bajeti, ni barua tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.