Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vitabu Tunavyovipendekeza Kuhusu Mazingaombwe na Kuhoji Madai ya Miujiza

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wasomaji. Hesabu za chama amezieleza mweka hazina katika taarifa yake ambayo mmekwisha kugawiwa, na maktaba yetu inaendelea vizuri, isipokuwa kwa vitabu ambavyo bado vimo mikononi mwa walioviazima. Kwa hiyo nafasi yangu nitaitumia kwa jambo ambalo mkutano mkuu uliopita uliiagiza kamati ilishughulikie, yaani kupendekeza vitabu vinavyostahili kusomwa kuhusu mazingaombwe ya jukwaani na kuhusu kuhoji madai ya miujiza.

Baadhi yenu mliuliza kwa nini mambo hayo mawili yawekwe pamoja. Sababu ni kwamba mfanya mazingaombwe huyadanganya macho ya watu baada ya kuwaambia waziwazi kwamba atawadanganya, na anapoandika kuhusu kazi yake anatuonyesha jinsi mtu mwenye akili timamu, tena msomi, anavyoweza kuapa kwamba amekiona kitu ambacho hakikutokea. Maarifa hayo mara nyingi huwapungukia watu wanaokwenda kuchunguza miujiza wakiamini kwamba shahada zao zinatosha kuwalinda.

Kitabu tunachokitanguliza ni The Discoverie of Witchcraft cha Reginald Scot, kilichochapwa Uingereza mwaka 1584. Scot alikuwa mwungwana wa jimbo la Kent, na alisikitishwa na mashtaka ya uchawi yaliyowaangukia hasa wanawake wazee, maskini na wasio na mtetezi. Ili kuonyesha kwamba mambo ya ajabu yanaweza kutendwa bila shetani, aliingiza katika kitabu hicho maelezo ya viini macho vya zama zake: jinsi sarafu inavyofichwa kiganjani, jinsi mtu anavyoonekana kujichoma chuma mwilini bila kuumia, na jinsi kichwa cha mtu kinavyoweza kuonyeshwa juu ya sahani kana kwamba kimekatwa. Wapenzi wa mazingaombwe wamekitafuta kwa karne nyingi kwa ajili ya kurasa hizo, lakini kamati inawaomba msiishie hapo, kwa kuwa mwandishi alikusudia kuokoa maisha ya watu. Mfalme James wa Scotland alimpinga kwa jina katika kitabu chake Daemonologie cha mwaka 1597, na mashtaka yaliendelea muda mrefu baada ya Scot kufa.

Msomaji wa Shinyanga au Mwanza hatakiona kitabu hicho kuwa cha mbali. Usukumani wameuawa vikongwe ambao ushahidi dhidi yao ulikuwa macho mekundu, wakati macho hayo yalikuwa yameharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi, na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yaliifanya serikali ya Tanzania itangaze Januari 2015 marufuku dhidi ya waganga wapiga ramli. Anayesoma sura za Scot kuhusu jinsi bibi mmoja asiye na jamaa anavyogeuzwa kuwa sababu ya kila ng'ombe aliyekufa kijijini ataitambua ramli chonganishi bila kuhitaji mkalimani.

Cha pili kilizua mjadala mrefu kuliko vyote katika kamati, nacho ni uchunguzi wa mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard kuhusu uchawi, ramli na uganga miongoni mwa Wazande, watu wa Sudan Kusini na nchi jirani, uliotolewa mwaka 1937. Mtafiti huyo alimtaka mtumishi wake Kamanga ajifunze uganga, na kwa njia hiyo akafahamu jinsi mganga anavyoficha kitu kidogo kisha akajifanya amekitoa katika mwili wa mgonjwa. Hata hivyo, thamani kubwa ya kitabu hicho haimo katika kufichua ujanja huo. Imo katika kuonyesha kwamba Wazande wenyewe walikuwa na shaka nyingi, na kwamba walisema wazi kuwa waganga fulani ni waongo, lakini shaka hiyo ilimhusu mganga huyu au yule na haikuugusa uganga wenyewe. Walijua pia kwamba ghala la nafaka huanguka kwa sababu mchwa wamekula nguzo zake. Walichouliza ni kwa nini lilianguka saa ileile ambayo watu fulani walikuwa wamekaa chini yake. Anayetaka kuzungumza na jirani anayeamini uchawi hana budi kulielewa swali hilo kwanza, kwa sababu kumweleza habari za mchwa ni kumjibu jambo ambalo hakuliuliza. Nakiri kwamba baadhi ya wanakamati walikiona kitabu hiki kuwa kizito, na kweli ni kizito, lakini mimi ningekuwa radhi tuache vingine vitatu ili hiki kisomwe hadi mwisho.

Kwa habari za wanaodai kuzungumza na wafu, tunapendekeza A Magician Among the Spirits, ambacho Harry Houdini alikitoa mwaka 1924. Houdini alizaliwa Budapest mwaka 1874, akapata umaarufu Marekani kwa kujifungua pingu, na katika miaka yake ya mwisho akawaandama waliowatoza fedha wafiwa kwa ahadi ya kuwaletea sauti za marehemu. Humo mnasimuliwa pia akina dada Fox, ambao milio iliyosikika nyumbani kwao mwaka 1848 ilianzisha vuguvugu kubwa la kuita mizimu, hadi Margaret Fox alipokiri hadharani mwaka 1888 kwamba milio hiyo aliitoa kwa viungo vya vidole vya miguu. Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, aliendelea kuamini pamoja na hayo yote, na urafiki wake na Houdini ukavunjika kwa sababu hiyo.

James Randi, naye mfanya mazingaombwe, aliandika The Faith Healers mwaka 1987. Mwaka uliotangulia, yeye na wenzake walinasa kwa redio mawasiliano ya mhubiri Peter Popoff, ambaye majina na maradhi ya waumini aliyodai kufunuliwa na Mungu yalikuwa yakisomwa na mkewe na kumfikia kupitia kifaa alichokivaa sikioni. Popoff alifilisika mwaka 1987, lakini baadaye alirudi kwenye televisheni, na jambo hilo linapaswa kutufikirisha kuhusu mipaka ya kufichua.

Kumbukumbu za mfanya mazingaombwe Mfaransa Jean-Eugène Robert-Houdin tunazipendekeza kwa tahadhari. Mwaka 1856 alipelekwa Algeria na serikali yake ili awashinde wenyeji kwa maajabu makubwa kuliko ya viongozi wao wa dini. Moja ya maajabu hayo lilikuwa sanduku ambalo mtu mwenye nguvu hakuweza kulinyanyua, kwa kuwa lilikuwa limeshikwa na sumaku ya umeme. Msimulizi ni yeye mwenyewe, na Waalgeria hawakupewa nafasi ya kueleza waliyoyaona. Zisomwe kama ushahidi kwamba hata dola hufanya mazingaombwe pale inapotaka utii wa watu. Kitabu cha mwanaastronomia Mmarekani Carl Sagan cha mwaka 1995, The Demon-Haunted World, kinafaa zaidi kwa vijana wa sekondari.

Kwa Kiswahili, tutaanza na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapwa mwaka 1960, ambamo Bwana Msa, kwa mtindo unaotukumbusha Holmes, anachunguza mauaji ya Unguja yanayohusishwa na mzimu na kuyatafutia sababu za kibinadamu. Kitafuatiwa na tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969, kuhusu maji yaliyowaunganisha watu dhidi ya Wajerumani katika vita vilivyoanza mwaka 1905. Haimruhusu msomaji kudharau imani ya wapiganaji wala kusahau gharama yake, na kwa hiyo kamati inaiona kuwa tiba dhidi ya shaka yenye kiburi.

Kwa kuwa vitabu vingi nilivyovitaja havipatikani kwa Kiswahili, kamati imeamua kwamba kila kimoja kati ya hivyo kipewe wanachama wawili watakaokisoma kwa Kiingereza na kukiwasilisha kikaoni kwa Kiswahili, kwa muhtasari ulioandikwa utakaobaki maktabani. Tumekubaliana pia kwamba hakuna mwanachama atakayetumia jina la chama kumfedhehesha mgonjwa aliyekwenda kwa mganga au kwa mhubiri. Maswali yetu yaelekezwe kwa anayepokea fedha zake.

Wanaotaka kuwasilisha wajiandikishe kwa katibu kabla ya mkutano mkuu, na walioazima vitabu vya mwaka uliopita wanaombwa wavirudishe siku hiyohiyo.