Barua ya wazi kwa Gavana wa Nakuru: tunaomba simu za upepo kabla ya masika

Mheshimiwa Gavana,

Salamu. Mimi ni mkazi wa Bahati, miongoni mwa wanaojitolea kusaidia majirani maafa yakitokea.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel lilipasuka kule Solai. Maji yaliangusha nguzo za umeme na kuua watu zaidi ya 40. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla hakujapambazuka, mafuriko yaliwavamia watu wa Mai Mahiu wakiwa wamelala. Mara zote mbili ilikuwa giza.

Saa kama hizo simu ya mkononi si ya kutegemewa. Mnara hutumia stima, na stima ikipotea betri zake hudumu saa chache tu. Mnara ukisalimika, kila mtu anapiga kwa wakati mmoja, naye dereva wa ambulensi hapati laini. (Ujumbe mfupi mara nyingi hupenya pale simu inapokataa, wananchi waelezwe hilo.)

Simu za upepo, yaani redio za mkononi au za gari za kuongea kwa mawimbi, hazihitaji salio wala mnara wa kampuni. Kikwazo chake ni milima, maana mawimbi yake hayapindi kona, na Menengai imesimama kaskazini mwa mji, upande wa kwenda Solai. Ripita, yaani mtambo wa kupokea mawimbi na kuyarusha tena, ikiwekwa huko juu, penye mita 2,278, ikiwa na sola na betri zake, itasikika pande zote mbili. Mai Mahiu iko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, nayo itahitaji ya kwake. Zimamoto, polisi, ambulensi na Msalaba Mwekundu wawe na chaneli moja ya pamoja. Machifu na wazee wa nyumba kumi wasisahaulike, Mheshimiwa! Redio iliyofungiwa kabatini mjini haimfai aliyekwama ng'ambo ya mto uliofurika. Zijaribiwe kila mwezi, hata usiku, hata mvua ikinyesha.

Kisha kampuni za simu zikubaliane na kaunti mapema: mnara upi uwashwe kwanza, nani apeleke dizeli, na gari lipi liruhusiwe kupita barabara ikifungwa. Kwa maoni yangu, mnara unaohudumia hospitali na waokoaji utangulie mingine yote.

Masika huanza Machi. Tafadhali tutajie tarehe ambayo ripita ya kwanza itawashwa, na afisa tutakayemuuliza isipowashwa.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Bahati