Jicho la kushoto halilii

Mikindani, Mtwara
14 Agosti

Shoga yangu Somoe,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ule wa "alhamdulillahi umepona, tupike pilau." Nimecheka peke yangu. Nimeona bora nikuandikie, maana kwenye simu utanikatiza.

Sijapona, Somoe. Nimetibiwa.

Unakumbuka msimu wa korosho mwaka juzi, kope ya kushoto ilivyovimba upande wa nje, kule nyusi inakoishia? Zahanati moja walinipa matone ya mzio, nikayatia miezi mitatu. Mama akasema ni jicho la hasidi; mimi nikasingizia vumbi la chaki. Kumbe kila mtu alikuwa anatazama uvimbe, wakati cha kusikilizwa kilikuwa maumivu. Usiku yalipanda mpaka kwenye paji, halafu ngozi ya hapo ikafa ganzi. Uvimbe wa tezi ya machozi usio saratani kwa kawaida hukua taratibu, pengine mwaka na zaidi, bila kuuma. Huu wangu, saratani iitwayo adenoidi sistiki kasinoma, hutambaa ndani ya mishipa ya fahamu. Ni nadra mno: katika watu milioni moja, kwa mwaka hapatikani hata mmoja. Mimi ambaye bahati nasibu ya simu sijawahi kushinda hata vocha!

Daktari kule Dar alinieleza bila kunibembeleza. Zamani wagonjwa wengi walitolewa jicho pamoja na nyama zote za tunduni, lakini haikuonekana wazi kwamba hao waliishi zaidi. Wangu ulikuwa haujafika sentimita 2, akaona autoe uvimbe, jicho libaki, kisha nipigwe mionzi. Basi nikakaa kwa shemeji Mbagala wiki 6, Jumatatu hadi Ijumaa naenda hospitali ya saratani ya Ocean Road. Kulala chini ya ile mashine ni dakika chache tu. Daladala ndiyo iliyonichosha.

Sasa ndiyo nije kwenye pilau lako. Nilimuuliza nitaishi miaka mingapi. Akaniambia kwenye taarifa za zamani karibu nusu ya wagonjwa walifika miaka 5, na waliofika 10 walikuwa kama mmoja kati ya watano. Wanaowahiwa uvimbe ukiwa mdogo, kama mimi, hali yao ni nzuri zaidi. Hapo nikatabasamu. Akaongeza kwamba ugonjwa huu una subira: unaweza kunyamaza miaka 10, ukaibukia kwenye mapafu au mifupa. Ndiyo maana kila baada ya miezi kadhaa napanda basi la alfajiri kwenda kupigwa picha ya kichwa na kifua. Wiki ya kungoja majibu usinipigie, nakuwa mkali hata kwa paka.

Jingine sikukwambia. Tulipomzika baba mdogo mwezi wa sita, nililia jicho moja. La kulia linatiririka, la kushoto kavu kama kifuu, maana tezi yenyewe imeondoka. Wanawake wa msibani wakaanza kukonyezana. Mmoja akaniuliza kama nilikuwa na ugomvi na marehemu. Nilitaka kumjibu vibaya, kicheko kikanibana, nikajificha nyuma ya khanga mabega yanatikisika. Hapo ndipo wakaniamini kwamba nalia.

Dua fanyeni, naitaka sana. Pilau pia lipikeni. Ila asisimame mtu kutangaza kwamba fulani kapona, nitaona aibu mbele ya Mungu.

Na ukija Disemba pitia Kariakoo uninunulie machozi ya bandia, chupa 4, pamoja na ile dawa ya kupaka usiku. Upepo wa kusi umenimalizia akiba yote. Nitakuwekea korosho za kubangua mwenyewe, na pweza nitamwagiza kwa wavuvi siku utakayofika, ili usije ukasingizia kuwa amelala.

Wako,
Zuhura