Watazamaji ninao, wateja siwaoni

Anti, shikamoo.

Naishi Pangani, mkoani Tanga, na nataka kuuza mafuta ya nazi ya kupaka kwa njia ya mtandao. Kila niliyemwomba ushauri aliniambia usianze na bidhaa, anza na watu: wazoee kukuona, siku ukitangaza kuuza uwakute wanasubiri. Nikaona sawa. Mtaji wangu ni mdogo, na chupa na lebo zinataka ununue kwa jumla. Sikutaka zikae uvunguni mwa kitanda.

Basi nikaanza kurekodi. Mama mkwe anakaa kwenye mbuzi anakuna nazi, mimi nashika simu. Video niliyoihangaikia kuliko zote ni ile anayoeleza kazi yenyewe: tui la kwanza unaliacha lilale, asubuhi unaengua lile zito la juu, unalipika kwa moto mdogo huku unakoroga mpaka likatike na mafuta yajitenge. Nyingine alieleza kwa nini mafuta huganda kukiwa na baridi, maana watu wa Mbeya na Arusha hudhani wameuziwa mafuta ya kupikia. Hizo zilitazamwa na watu wachache tu. Siku kuku wa jirani walipovamia chicha, mama akawatukana na ukoo wao wote, video ikatembea nchi nzima! Sasa TikTok wananifuata zaidi ya elfu arobaini, na maoni ni hayohayo: "Bibi kaamkaje?" "Mpe bibi simu." Mafuta hakuna anayeyauliza.

Nikaweka namba ya WhatsApp, nikaomba watu waisevu, kwa sababu asiyesevu namba yako haoni status zako wala ujumbe unaotuma kwa wengi kwa mpigo. Waliosevu hawafiki mia mbili. Wengi wao wako Mombasa na Muscat, ambako sijui hata nitafikishaje chupa moja. Waliobaki huandika "bei?" Nikiwatajia, tiki mbili za buluu, kimya.

Rafiki yangu anayeuza mitumba mtandaoni ananishauri nitangaze oda sasa hivi, watu walipe nusu kwa simu, hiyo hela ndiyo ninunulie chupa. Anasema nikingoja, watamsahau hata huyo bibi. Mume wangu hataki kusikia. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, na mimi alama yao ya ubora sina. Nimeambiwa nianzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, na safari hiyo sijui itaisha lini. Nichukue hela ya mtu kwa mzigo nisioweza kuutajia tarehe? Watu wameshaibiwa mno kwenye simu, na mteja wa kwanza akinidhania tapeli, nitamrudishaje?

Sasa kuna la mama mwenyewe. Juzi arusini wamemtambua, wakapiga naye picha. Aliporudi akaniambia sura yake isibandikwe kwenye chupa. Kabla sijamjibu akauliza, "Na hao watu wote wanaonitazama, mimi wananipa nini?" Wifi yangu amelidaka hilo, anasema mama apewe mgao wake kabisa. Kwa kweli sioni kosa la wifi. Lakini bado sijauza hata chupa moja, nitagawa nini?

Naomba unisaidie, Anti. Nifungue ukurasa mwingine wa mafuta pekee, nianze na hao wachache walioniuliza bei, au niendelee na mama huku nikisubiri alama? Oda za kulipia kabla ungezikubali? Na mgao wa mama nimwambie uanze na chupa ya kwanza, au mpaka mtaji urudi? Hili la mwisho ndilo linaloninyima usingizi, maana tunaishi nyumba moja na jioni hii ananingoja tena na nazi zake.

Mkazamwana,
Pangani