Risala ya Vijana wa Kigango kwa Mgeni wa Heshima, Sikukuu ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, Malindi

Mheshimiwa mgeni wa heshima, padri wetu, katekista, wazee wa kanisa, wazazi, Tumsifu Yesu Kristo. Na majirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko, Assalam aleikum.

Tunakushukuru, mama, kwa kukubali kuja kwetu leo tarehe 3 Desemba katika joto hili la kaskazi. Risala haitakuwa ndefu, katekista ameshatuonya mara mbili.

Kikundi chetu kilizaliwa na shida ya dirisha. Kanisa letu linatazama machweo, na jua la alasiri huwapiga wanakwaya usoni. Tulichanga pesa, tukampa fundi mmoja atuwekee vioo vya rangi vyenye picha za watakatifu. Yeye akaja na karatasi ya nailoni iliyochapishwa picha, akaibandika juu ya vioo vya kawaida. Ilipendeza, hatukatai. Kisha jua na chumvi ya bahari vikaanza kazi yao. Karatasi ikatoka malengelenge, Mtakatifu Petro akavimba shavu, funguo zake zikajikunja kama ukindu. Watoto wa katekisimu wakawa wanamwita Petro wa Jino. Siku tuliyoibandua kwa maji moto na visu, mmoja wetu akauliza: kwani vile vya kweli hutengenezwaje?

Hapo ndipo tulipoanza kujifunza. Kioo ni mchanga ulioyeyushwa pamoja na majivu au magadi, na rangi yake imo ndani kwa ndani, haipakwi juu. Kobalti hutoa buluu, manganizi hutoa zambarau, na shaba hutoa kijani au nyekundu kutegemea moto ulivyoendeshwa. Kinachochorwa kwa brashi ni nyuso, vidole na mikunjo ya nguo, kwa rangi nyeusi ya unga wa kioo na madini, halafu kioo hurudishwa tanurini mpaka mchoro ushikamane nacho. Vipande huunganishwa kwa vijiti vya madini ya risasi. Kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, lina vioo vya karne ya 13 hadi leo. Petro wetu hakumaliza Kwaresima.

Zamani hizo waumini wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo kila mtakatifu alipewa kitu cha kumtambulisha. Mwenye funguo ni Petro. Mwenye wavu wa kuchomea nyama ni Laurenti, shemasi aliyeuawa Roma mwaka 258. Mwenye gurudumu ni Katarina wa Aleksandria, na mwenye macho mawili juu ya sahani ni Lusia (huyo watoto hawamtaki usiku). Antoni wa Padua, ambaye kanisa kuu la jimbo letu lina jina lake, hubeba yungiyungi na Mtoto Yesu. Na Antoni mwenyewe, mkitaka kujua, hakuwa mzaliwa wa Padua. Alizaliwa Lisbon, akavuka kwenda Moroko kuhubiri, akaugua, na chombo cha kumrudisha kwao kikasukumwa na upepo hadi Sisilia. Watu wa pwani mambo ya upepo hatuhitaji kuelezwa.

Tulipofika kuchagua wetu, tulimchagua aliyekanyaga mchanga huu. Mwaka 1542 mmisionari Fransisko Ksaveri alipita Malindi akielekea Goa, India, na hapa wakamzika mtu aliyefia melini. Katika barua yake anasimulia kwamba mzee mmoja wa mji alimwuliza kama Wakristo hujaa makanisani mwao, maana katika misikiti 17 ya Malindi ni mitatu tu iliyokuwa na watu. Mzee yule alilalamika karibu miaka 500 iliyopita. Katekista wetu alilalamika Jumapili iliyopita.

Ksaveri huchorwa na msalaba, na mara nyingine na kaa. Husimuliwa kwamba katika visiwa vya Maluku msalaba wake ulitumbukia baharini kwenye dhoruba, na alipofika ufukweni kaa akatoka majini ameubeba kwa magando. Huyo kaa alituletea ugomvi wa wiki nzima, awe wa namna gani? Mwishowe tukakubaliana awe kaa wa mikoko, kama wale wa mkono wa bahari wa Mida, mwenye gando moja nene kuliko jingine.

Vioo tumevitoa kwenye chupa tulizookota na tulizopewa na hoteli. Chupa za bia ndizo kaa, chupa za mvinyo ndizo mikoko. Mzee mmoja wa mjini, fundi wa vioo na fremu za picha, Mwislamu, ametufundisha kukata bila malipo. Unakwaruza mstari mara moja tu, hurudii, kisha unagonga kwa chini hadi usikie mlio mwembamba. Chupa ina mgongo na haikubali risasi, kwa hiyo tumepanga vipande ndani ya zege, namna ambayo hata Wafaransa waliitumia karne ya 20. Vidole vyetu unaviona.

Mama, shida yetu ni buluu. Tangu mwezi wa sita tumepata chupa tatu tu. Hatuombi pesa mkononi. Tunaomba utusaidie kupata vioo bapa vya buluu, na almasi ya kukatia, kwa sababu hii tunayotumia ni ya mzee na anaihitaji dukani.

Sasa saa kumi na moja inakaribia na jua limeshafika upande wake. Tunakuomba usogee, uondoe leso iliyofunika dirisha. Utamwona Ksaveri, utamwona kaa na gando lake. Pale chini, kwenye kioo kitupu, ndipo itakapokaa bahari.

Ahsante.

Ni sisi vijana wa kigango.