Mhariri, DNA mnayoiandika kila wiki haikuletwa na "sayansi tu"

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa timu nzima. Nimesoma ile makala ya safu yenu ya elimu iliyosema vijana wetu waache kupoteza muda na historia na fasihi, eti vyuo vya Ulaya vimetuacha mbali kwa sababu wenzetu wamekazana na sayansi na teknolojia basi, na nimeona watu wameishea sana na kuipigia makofi. Naomba na mimi niseme kidogo, maana ni afisa ustawi wa jamii na kuna kitu kimoja kilichotoka chuo cha Ulaya nakutana nacho kazini kila mara, na historia ya kitu hicho inaipinga makala yenu karibu kila mstari.

Nazungumzia kipimo cha DNA. Baba anaingia ofisini kafura, anasema mtoto yule si wangu, sitoi matunzo mpaka DNA, na mama naye hanyamazi, anajibu twende hata sasa hivi. Sisi tunawaandikia barua, wanaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa utaratibu wa ile Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, wanachukuliwa sampuli, wanasubiri majibu. Sasa waulize watu kipimo hiki kilianzia wapi, kumi watakwambia Marekani kwa FBI kwa sababu ya muvi. Wala. Kilianzia Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, na najua wengi mji huo mnaujua kwa ile timu iliyobeba ubingwa 2016 ikachana mikeka ya dunia nzima.

Asubuhi ya tarehe 10 Septemba 1984, mnamo saa tatu na dakika tano, mtafiti anaitwa Alec Jeffreys aliitoa filamu ya eksirei kwenye dawa ya kusafishia picha akaanza kuitazama. Hakuwa anatafuta wahalifu, hakuna polisi aliyemtuma, wala hakuna baba aliyemlipa apime mtoto. Alikuwa anachunguza jinsi jeni zinavyobadilika na kurithiwa, na njia iliyomfikisha pale ilipitia kwenye jeni moja ya misuli ya sili, yule mnyama wa baharini. Kwenye filamu ile kulikuwa na DNA ya fundi wa maabara yake pamoja na ya baba na mama wa huyo fundi, na pembeni kaweka ya wanyama mbalimbali na hata ya mmea wa tumbaku! Akaona mistari mistari kama ile ya kuskani bei kwenye bidhaa za supamaketi, kila mtu na yake, na ya mtoto yote unaweza kuifuata mpaka kwa baba au kwa mama. Hapo hapo akajua kaona nini. (Kinachotumika maabara leo si mbinu ileile, imeboreshwa sana, ila mlango ulifunguka pale.)

Na kesi ya kwanza, Mhariri, haikuwa ya mauaji, hii watu wengi hawaijui. Ilikuwa ya uhamiaji, mwaka 1985, kuhusu kijana wa familia ya Kighana aliyekuwa amekwenda Ghana, na aliporudi Uingereza maafisa wakamkatalia wakisema pasi ina utata na huenda huyu si mtoto wa yule mama, labda ni mtoto wa ndugu yake. Vipimo vya damu vya wakati ule vilionyesha undugu tu, havikuweza kutenganisha mtoto na mpwa. Baba hakupatikana. Jeffreys akachukua DNA ya mama na ya watoto wake wengine, akaunda upya ya baba kutoka kwa wale watoto, na jibu likatoka kwamba kijana ni wa yule mama kabisa, serikali ikaachia kesi. Mimi nikiisoma hiyo habari nawaza akina mama wanaokaa kwenye benchi nje ya ofisi yetu, maana mara nyingi kipimo hiki tunakisikia kama fimbo ya kumkamata mwanamke muongo, kumbe kazi yake ya kwanza ilikuwa kumrudishia mama mtoto wake.

Ya pili ndo ya polisi. Wasichana wawili waliuawa kwenye vijiji vya jirani na Leicester, mmoja 1983 na mwingine 1986, na kijana wa miaka 17 akakiri kosa la pili. DNA ikasema aliyeua ni mtu mmoja kwa wote wawili na si huyo kijana. Yaani kipimo kilianza kwa kumtoa ndani mtu aliyekwisha kukiri! Polisi wakapima maelfu ya wanaume wa eneo lile, muuaji mwenyewe akamshawishi mfanyakazi mwenzie wa kuoka mikate aende kutoa damu kwa jina lake, jamaa naye akaropoka baa. Muuaji akakamatwa 1987 na mwaka uliofuata akafungwa maisha.

Hapo mwandishi wenu atasema si ndiyo hiyo, sayansi, sasa historia imeingilia wapi. Ngoja.

Agosti 2012 chuo hichohicho kilianza kuchimba parkingi ya magari katikati ya mji, na parkingi yenyewe ilikuwa ya ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, nilicheka sana nilipojua, maana parkingi zetu sisi labda utakuta mtaro. Walikuwa wanamtafuta Richard III, mfalme wa Uingereza aliyeuawa vitani Bosworth tarehe 22 Agosti 1485. Msukumo haukutoka chuoni hata kidogo, ulitoka kwa mama mmoja mwandishi, Philippa Langley, ambaye alikomaa miaka mpaka akapata ruhusa na hela, na hili lisemwe maana vyuo vina tabia ya kujichukulia sifa zote. Ila bila watu wa historia usingejua hata pa kuweka jembe. Kulikuwa na hadithi kwamba mifupa ya mfalme ilitupwa mtoni, na waliosoma maandishi ya zamani ndio walioshikilia kwamba alizikwa kwenye kanisa la watawa Wafransisko, lile lililobomolewa enzi za Henry VIII. Wanaakiolojia wakiongozwa na Richard Buckley wakawa wanajua kanisa la watawa wale hupangwaje, sehemu ya kwaya inakaa upande gani, na mfereji wa kwanza tu ukagusa mifupa ya miguu siku ya kwanza.

Halafu tazama waliofuata. Jo Appleby, mtaalamu wa mifupa, ndiye aliyeona uti wa mgongo umepinda kuelekea pembeni, kwa hiyo hakuwa na kibyongo kama Shakespeare alivyomchora, bega moja tu lilikuwa juu kidogo ya lingine. Watu wa uhandisi wa chuo, ambao kazi yao ni kusoma alama za visu na vyuma, wakakaa na madaktari wa kuchunguza maiti wakahesabu majeraha 11, tisa kati ya hayo kichwani, ishara kwamba helmeti ilikuwa imeshatoka. Turi King akatoa DNA kwenye meno na mifupa. Lakini DNA ya mtu aliyekufa miaka zaidi ya 500 utailinganisha na ya nani? Hapo ndo wanahistoria wanaingia, watu wa makaratasi, vyeti vya ubatizo, wosia, sensa: John Ashdown-Hill alishaufuata ukoo wa kike kutoka kwa dada wa mfalme, binti hadi binti, mpaka kwa mama wa fundi samani mmoja wa London mzaliwa wa Kanada, na Kevin Schürer wa chuo akauhakiki ukoo huo karatasi kwa karatasi. DNA ikalingana. Maabara ingekuwa na mashine za dunia nzima isingempata yule fundi.

Na utamu zaidi uko upande wa baba. Walipima wanaume walio hai ambao kwa makaratasi ni wa ukoo mmoja na mfalme, na kromosomu Y, ile ambayo mwanaume huirithi kwa baba yake, haikulingana hata kidogo. Maana yake katika vizazi vile kuna mahali mama fulani wa kitukufu alizaa nje na hakusema. Wazee wa kwetu wangesema siri ya mtoto anaijua mama, na wale mabwana wakubwa hawakuwa na Mkemia Mkuu. Mfalme akazikwa upya kwenye kanisa kuu la Leicester tarehe 26 Machi 2015, wakati timu ya mji ikiburuza mkia wa ligi, na mwaka uliofuata ikawa bingwa, wako wanaoapa mpaka leo kwamba ni baraka za marehemu, mimi sipo.

Sasa Mhariri sitaki nionekane nasifia wazungu kila kitu. Chuo hichohicho mwaka 2021 kilitangaza mpango wa kupunguza walimu, na kati ya waliolengwa walikuwa wa fasihi ya Kiingereza ya zama za kati na wa hisabati isiyo na matumizi ya haraka. Walimu wakagoma, wasomi wa nje wakasusia. Yaani mji umejaza watalii kwa ajili ya mfalme wa zama za kati na chuo kinaona masomo ya zama hizo ndiyo ya kukata! Kwa hiyo ile hoja ya safu yenu ipo Ulaya kweli, ila ipo kwa wahasibu wa vyuo, haipo kwenye ugunduzi wenyewe, na nyinyi mmetuletea ya wahasibu mkaiita siri ya mafanikio.

Ombi langu ni dogo. Mtumeni huyo mwandishi wa safu pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aende idara ya akiolojia awaulize wanachimba wapi sasa hivi, kisha apande kwa watu wa baiolojia awaulize kama wamewahi kukaa meza moja na wale wa chini. Majibu yoyote atakayopewa, yachapisheni, hata kama ni aibu.

Wenu,
Afisa Ustawi wa Jamii, Morogoro