Mama hafiki dirishani: barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya wazee

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Uru, wilayani Moshi. Mama yangu ana miaka 84. Aliteleza kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, masika ya mwaka juzi, akavunjika nyonga, na hajasimama tena. Kitambulisho chake cha matibabu bure kiko chini ya mto, amekifunga kwenye pindo la kitenge. Dirisha la wazee hospitalini nalijua, na ninalishukuru kwa dhati. Lakini kumfikisha mama barabarani tunambeba watu wanne, halafu tukodi gari.

Anayemuuguza ni mdogo wangu wa kike. Alikuwa akiuza ndizi soko la Mbuyuni, ameacha. Usiku anaamka kila baada ya saa mbili kumgeuza. Hilo tumejifunza kwa machungu. Kidonda cha kwanza cha kulala bila kugeuzwa kilipotokea kiunoni tulikipaka mafuta ya nazi tukakifunga kitambaa, tukidhani tunatibu, kumbe kinachimba ndani. Muuguzi mmoja aliyekuja kumjulia hali jirani ndiye aliyetuonyesha: mlaze ubavu, mto katikati ya magoti, visigino visiguse godoro. Hazikupita dakika kumi. Laiti angepita mwezi mmoja kabla!

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee atunzwe na familia, makao ya wazee yawe kimbilio la mwisho. Ni sawa kabisa; mama hataki kuondoka kihambani kwake. Ila watoto wa Uchagani wako Dar es Salaam, wanaonekana Desemba. Anayebaki nyumbani ni mmoja, na kwake hakuna fungu. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, na hata hivyo mkopo utamsaidia nini mtu aliyelala kitandani? Wenzetu wa Zanzibar walianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni jamii wazee wote wa miaka 70 na kuendelea. Huku Bara tunaisubiri.

Wakati tunaisubiri, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, wanapita nyumba kwa nyumba. Wafundishwe vizuri kuuguza mzee asiyeinuka. Kila mzee wa namna hiyo aandikwe kwenye daftari la mhudumu wa kitongoji chake na atembelewe kila wiki. Pampasi za watu wazima, glavu na dawa za vidonda zitoke zahanati bila malipo. Na huyu anayeacha biashara yake ili auguze, apewe posho kutoka bajeti ya serikali. Anafanya kazi ambayo wodini ingefanywa na muuguzi wa zamu, naye hana zamu.

Ukija Moshi, Mheshimiwa, karibu kwetu. Hata ukifika saa nane usiku utamkuta macho, anamgeuza mama.

Wako,
Mwana wa Uru